Shajara ya mradi: kuuangusha ukoo wa Mwarandu kwa hesabu

6 Januari

Nimeamua kufuta sura tisa za mwisho za riwaya hii, na kwa kuwa uamuzi wenyewe umeninyima usingizi siku mbili, naona ni bora niandike sababu zake kabla sijaanza kuzisahau au kuzipamba. Muswada ulikuwa umefika maneno 61,000. Unasimulia ukoo wa Mwarandu, jumba la kale katika Milki ya Zuhali, milki ya kubuni yenye visiwa vingi na mwambao mrefu, na unaeleza jinsi ukoo huo ulivyopoteza mali yake. Katika rasimu ya kwanza mambo yalikwenda kwa njia ambayo kila msomaji ameizoea: waziri mwenye husuda anatia fitina kwa Sultani Mkuu, askari wanakuja usiku, jumba linateketea, na mrithi anatoroka akiwa na pete ya marehemu baba yake. Nilipousoma mfululizo wakati wa likizo niligundua kwamba nimeahidi habari ya kufilisika, ilhali ndani ya kurasa zote hizo hakuna mtu hata mmoja anayefilisika. Wamechomewa nyumba tu.

Aliyechomewa nyumba huonewa huruma siku hiyo hiyo. Anayefilisika hapati huruma hiyo, kwa sababu kwa miaka mingi anaendelea kuvaa vizuri, kupokea wageni na kutoa sadaka, na pengine siku anayoonekana tajiri kupita siku zote ndiyo siku ambayo tayari hana kitu. Hicho ndicho ninachotaka kukiandika. Pete nayo naiondoa. Sikumbuki hata niliitoa wapi.

14 Januari

Nimeanza na zao, kwa kuwa siwezi kujua ukoo umeanguka vipi kabla ya kujua ulikuwa unakula nini. Katika rasimu ya kwanza niliandika kwamba ukoo wa Mwarandu ulikuwa na "mashamba na dhahabu", maneno ambayo hayana maana yoyote. Sasa wana mipepo. Mpepo ni mti wa kubuni unaotoa utomvu unaoitwa ubani wa pepo. Ukiuchoma kwenye tezi la jahazi, upepo wa kusi huitika na kuvuma upande unaotakiwa kwa saa chache. Meli zote za milki zinautegemea. Nimejiwekea kanuni moja ya uchawi huu na sitaivunja: ubani ukipita misimu miwili haufai tena, kwa hiyo hakuna anayeweza kuuweka ghalani akisubiri bei nzuri. Mwenye mipepo anauza kwa bei atakayoikuta sokoni.

Kiolezo cha mpepo ni mkarafuu, wala sioni haja ya kuficha. Mkarafuu ukipandwa hukaa miaka sita mpaka minane kabla ya kuanza kuzaa, na matumba ya maua yake huchumwa kwa mkono kabla hayajafunguka, kisha yakaanikwa juani kwenye majamvi. Mwenye shamba anayepanda leo anakisia bei ya miaka minane ijayo, na jirani zake wote wanakisia naye kwa kutazama bei ile ile ya leo. Ndivyo ilivyokuwa Unguja na Pemba enzi za Sayyid Said, ambapo karafuu ilipandwa kwa pupa kwa sababu bei ilikuwa nzuri, na miti ile yote ilipokomaa kwa pamoja bei ikaporomoka. Hapakuwa na waziri mwenye husuda. Watu wenye akili timamu walifanya jambo la busara kwa wakati mmoja, na jambo hilo likawaumiza wote.

Nilifikiria kwa muda kuuua ubani wa pepo kwa chombo kipya, yaani meli zisizohitaji upepo, jinsi Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869 ukazipa meli za moshi njia ambayo majahazi ya matanga hayakuweza kushindana nazo. Nimeacha. Zao linalokufa kabisa linampa mwenye shamba kisingizio. Zao linaloshuka thamani kwa sehemu moja ya tano tu linamwachia matumaini, na matumaini hayo ndiyo yanayomfanya akope.

2 Februari

Wiki mbili sikuandika sentensi hata moja ya riwaya. Nimekuwa nikiandika daftari la ukoo wa Mwarandu, mwaka kwa mwaka, kwenye jedwali la kompyuta, na lazima nikiri kwamba sijawahi kufurahia kazi kiasi hiki. Ukoo una mipepo inayotoa wastani wa pishi 10,000 kwa mwaka. Katika miaka mizuri pishi moja ni dinari moja, kwa hiyo pato ni dinari 10,000. Matumizi nimeyapanga hivi: wachumaji, walinzi na majahazi 3,000, makazi ya mji mkuu 2,500, posho ya ndugu 1,500, jumba lenyewe, pamoja na wageni, sadaka, nguo na watumishi wa ndani, 1,800. Jumla ni 8,800. Zinabaki 1,200, na kwa kipimo cha milki hiyo huo ni utajiri wa kusimuliwa.

Halafu nikashusha bei kwa moja ya tano. Pato likawa 8,000 na ile ziada ya 1,200 ikageuka nakisi ya 800. Mavuno ni yale yale, mipepo haijaugua, hakuna aliyeiba. Nilikaa nikiitazama namba hiyo muda mrefu. Ukoo mzima unaanguka kwa sababu ya dinari 800, kiasi ambacho Mwana Zamu, bibi mwenye jumba, angeweza kukipata kwa kupunguza nusu ya wageni wa mwezi mtukufu na kuuza farasi wa msafara. Kila mtu anayesoma atajua hivyo. Yeye mwenyewe anajua hivyo. Kazi yangu ni kumfanya msomaji aelewe kwa nini hawezi.

Posho ya ndugu inahitaji maelezo, maana ndiyo mwiba wa daftari lote. Mume wa Mwana Zamu alikuwa na kaka, na baba yao alipofariki walitaka kupigana. Mahakama ya Sultani Mkuu iliwagawanya: mkubwa akapewa nchi ya bara isiyo na mipepo, mdogo akapewa visiwa vya mipepo, na ili ndugu wawe sawa mdogo akaamriwa kumlipa mkubwa dinari 1,500 kila mwaka, milele. Sikuibuni kutoka hewani. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, wanawe Thuwaini wa Maskati na Majid wa Zanzibar waligombania urithi, na mwaka 1861 Lord Canning, aliyekuwa akitawala India kwa niaba ya Uingereza, aliamua kwamba Zanzibar ijitenge na iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Ninachokipenda katika hukumu ile, kwa jicho la mwandishi, ni kwamba deni ni la kiwango kimoja kisichobadilika ilhali mavuno na bei hupanda na kushuka. Mwaka wa neema 1,500 ni kama zawadi kwa shemeji. Mwaka wa dhiki ni karibu mara mbili ya nakisi nzima.

3 Februari

Nimebadilisha umri wa Makame, mwana wa pekee wa Mwana Zamu. Alikuwa na miaka 19 mwanzoni mwa hadithi. Sasa ana 9. Kwa namba za jana anguko haliwezi kutokea katika miaka mitatu kama nilivyokuwa nimepanga. Linahitaji kumi au kumi na moja.

19 Februari

Rafiki yangu mmoja, mhasibu kwa kazi yake, alikuja kunywa kahawa akaliona jedwali na akacheka. Nilikuwa nimeandika kwamba ukoo unakopa dinari 800 kila mwaka kwa faida ya 12 kwa mia, na kwamba baada ya miaka kumi deni ni 8,960. Nilichukua 8,000 nikaongeza asilimia 12 mara moja, kama mtu anayeongeza chumvi. Akaniambia, "Hawa watu wako hawalipi faida, wanaikopa nayo." Akakaa, akaandika mstari kwa mstari: mwisho wa mwaka wa kwanza 800, wa pili 1,696, wa tatu karibu 2,700, na akaendelea hivyo mpaka wa kumi, ambapo deni lilifika dinari 14,039.

Hapo ndipo riwaya ilipopata kitovu chake. Katika deni hilo fedha ambazo ukoo ulizitumia kweli ni 8,000. Nyingine 6,039 hakuna mgeni aliyezila wala mtumishi aliyezivaa. Na katika mwaka wa kumi na moja faida pekee inafika 1,685, kiasi kinachopita posho ya shemeji na kinachozidi mara mbili ya ile nakisi ya awali. Mwaka wa kwanza Mwana Zamu alihitaji kubana 800 ili aokoke. Mwaka wa kumi na moja anahitaji 2,485, na kubana huko ni kufunga jumba. Kwa hiyo kuna mwaka fulani katikati, ambao hakuna aliyeutambua ulipopita, ambapo kuokoka kulikoma kuwa jambo la kuuza farasi. Mhasibu wangu alitaka kuukokotoa. Nilimwomba asiukokotoe, kwa kuwa wahusika wangu hawaujui na sitaki kuwatangulia.

8 Machi

Sehemu hii imenichukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Tatizo lilikuwa hili: Mwana Zamu ninavyomfahamu hawezi kwenda kwa mkopeshaji na kusema anataka mkopo. Katika milki ile aliyezaliwa jumbani halipi riba. Ni aibu, na sheria nayo inamkataza. Basi atakopaje? Jibu lilikuwa limekaa muda wote katika historia ya visiwa vyetu. Wenye mashamba wa Kiislamu walipohitaji fedha za wafanyabiashara, riba ikiwa haramu, walitumia bei ya khiyari: mwenye shamba anauza shamba lake kwa hati halali, akibakiwa na haki ya kulirejesha kwa bei ile ile ndani ya muda uliopangwa, na wakati huo huo anabaki palepale kama mpangaji, akilipa kodi. Kodi hiyo kwa hesabu ndiyo faida. Hakuna anayetamka neno riba, na hakuna anayeondoka shambani. Karani anaandika, mashahidi wanatia saini, kahawa inanyweka.

Uzuri wa mpango huo kwa hadithi, na ubaya wake kwa wenye mashamba, ni kwamba muuzaji haoni siku anayoipoteza mali. Ameipoteza mwanzoni kabisa, asubuhi ya kunywa kahawa, akiwa na kilemba safi na watu wakimwamkia. Muda wa khiyari ukipita bila kurejesha bei, hakitokei kitu ambacho jicho linaweza kukiona. Kwa hiyo nimeandika upya sura ya nne. Mwana Zamu anauza shamba la kaskazini kwa khiyari ya miaka mitatu, na muda unapokwisha unaongezwa, na kodi isiyolipwa inaongezwa kwenye bei ya kurejesha, kisha shamba la kusini linaunganishwa, kisha jumba lenyewe. Kwa miaka sita ya mwisho ya riwaya yeye ni mpangaji katika nyumba aliyozaliwa mumewe, na wanaojua ni watatu tu: yeye, mnunuzi, na Feruzi anayeshika daftari.

Feruzi amepanda cheo katika rasimu hii. Mashamba ya karafuu yalikuwa na msimamizi, chini yake nokoa, na chini yake kadamu, na mara nyingi waliokuwa katika vyeo hivyo walikuwa watumwa wenyewe. Feruzi alizaliwa utumwani katika ua wa Mwarandu na sasa ndiye msimamizi, na ndiye pekee anayejua kujumlisha. Nimempa tabia moja tu ya kumtambulisha: namba mbaya haitamki, anaigeuzia bibi yake daftari ili aisome mwenyewe.

Mkopeshaji naye amenisumbua kwa njia nyingine. Katika rasimu ya kwanza Bwana Sumari alikuwa mgeni mnene mwenye pete nyingi na kicheko kibaya, na nikimsoma sasa naona haya, kwa sababu nilimchukua kutoka katika masimulizi ya vijiweni kuhusu wafanyabiashara wa Kihindi wa pwani bila hata kubadilisha nguo zake. Wafanyabiashara wale walikuwa na wadai wao Bombay na kwingineko. Nao walikesha kwa hofu ya barua ya kesho. Nyumba ya Jairam Sivji iliyokodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi ilikuwa ikimdai Sultani mwenyewe, na mtu anayemdai Sultani hawezi kumpeleka Sultani mnadani; anabaki kumkopesha zaidi ili deni la zamani lisife. Bwana Sumari wangu sasa ni mwembamba, mkimya, ana binti anayetafutiwa mchumba, na hataki mipepo hata kidogo. Anataka fedha zake. Mipepo bei imeshuka; ataifanyia nini? Kila mwaka anaongeza muda kwa sababu kuchukua shamba ni hasara na kusamehe ni hasara kubwa zaidi.

27 Machi

Makazi ya mji mkuu: nimeandika kurasa kumi na nne na nitabakiza tano.

Sultani Mkuu anawataka wakuu wa majumba yote wakae mji mkuu mwaka mmoja na kurudi kwao mwaka unaofuata, wakiwaacha wake au warithi wao mjini muda wote. Nimeichukua kanuni hii Japani, ambako ukoo wa Tokugawa uliiweka kuwa sheria mwaka 1635. Kila bwana mkubwa alilazimika kuwa na nyumba Edo (Tokyo ya leo) na nyumba kwao, na msafara wa kwenda na kurudi ulipimwa kwa idadi ya watu na farasi ambao wapita njia waliwahesabu. Kwa hiyo zile dinari 2,500 za kila mwaka katika daftari langu ni wastani wa 5,000 kwa mwaka wa safari na sifuri kwa mwaka wa kukaa, na hii ilinilazimisha kukubali kwamba deni linapanda kwa ngazi badala ya mteremko. Sijarekebisha jedwali zima. Mhasibu asijue.

Nilichokihitaji hasa kutoka Japani ni tukio la mwaka 1789. Serikali ilipoona watumishi wake wa kijeshi wamezama katika madeni ya madalali wa mpunga wa Edo, ilitoa amri ya kufuta madeni ya zamani, yaliyopita miaka sita. Walifurahi majira moja. Kisha wakarudi kwa madalali wale wale kuomba mkopo wa msimu uliofuata, na madalali wakakataa kukopesha. Nimeweka amri kama hiyo katika sura ya kumi na tatu, na ni Makame, sasa kijana wa miaka 17, anayekuja mbio kutoka bandarini kumpasha mama yake habari.

"Mama, tumeokoka. Sultani Mkuu amefuta madeni ya majumba yote."

"Sisi hatuna deni, mwanangu," Mwana Zamu akamjibu. "Sisi tuliuza."

Kwa kuwa kwenye hati hakuna deni, hakuna cha kufutwa. Ule ujanja uliomhifadhia heshima miaka yote ndio unaomtoa nje ya msamaha. Nimelisoma jibu lake mara nyingi na sijaona neno la kuongeza.

16 Aprili

Mmoja wa wasomaji wangu watatu wa mwanzo amenirudishia sura kumi za kwanza akiwa na swali moja tu, ambalo lilinikera jioni nzima: "Wachumaji wako wapi?" Katika daftari wapo. Ni sehemu ya zile dinari 3,000. Katika kurasa wanaonekana kwa mbali wakiimba, kama mandhari.

Siwezi kudai kwamba nilitumia historia ya karafuu kisha nikaacha nje watu walioichuma. Utajiri wa mashamba yale ulisimama juu ya utumwa. Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku biashara yao baharini; amri ya Aprili 1897 iliondoa utumwa kisheria, lakini kwa namna ambayo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na mwenye mtumwa akalipwa fidia. Baada ya hapo wengi walibaki katika mashamba yale yale kwa mapatano ya aina nyingine: mikarafuu ya bwana, muhogo ulio chini yake wa aliyeulima, naye alipe kwa kupalilia.

Muhogo huo umenipa Kidawa. Ni mchumaji katika shamba la kaskazini, ana miaka kama kumi na miwili hadithi inapoanza, na nimempa sura zake tano zinazoingiliana na za jumbani. Bei inaposhuka, Feruzi anapunguza siku za kuchuma, na mipepo ya pembezoni inaachwa. Ambapo majani hayakufyekwa, mama yake Kidawa anapanda muhogo bila kuomba ruhusa, na mwaka unaofuata anapanda tena, na msimamizi anapita akiutazama muhogo kama hauoni. Miaka ambayo jumbani ni ya dhiki, kwa Kidawa ndiyo miaka aliyoshiba. Anaota kitu kimoja tu kibaya: bei ya ubani kupanda.

Nimetaka kuweka pia tufani. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa, bei ikapanda, na uzito wa zao ukahamia Pemba. Ingekuwa sura ya kupendeza, lakini tufani ingemrudishia Mwana Zamu kile kisingizio nilichomnyang'anya Januari. Nimeiacha ipite mbali, katika visiwa vya ukoo mwingine. Bei inapanda kwa misimu miwili, Mwana Zamu analipa malimbikizo ya kodi na kununua farasi, na mama yake Kidawa anaambiwa ang'oe muhogo.

12 Mei

Maneno 74,500. Sura ya kumi na sita imekataa kuandikika. Nimeiruka.

30 Mei

Leo nimemaliza sura ya vyombo, ambayo nilikuwa naizungukia tangu Februari.

Ukumbi wa jumba la Mwarandu una ukuta wa zidaka kama zile za nyumba za kale za Lamu na Pate, safu juu ya safu katika chokaa iliyochongwa, na ndani ya kila kidaka sahani ya kauri iliyoletwa na jahazi kutoka mashariki ya mbali. Zilikuwa ishirini na nne. Mwana Zamu anaanza kuziuza katika mwaka wa nane, moja moja, usiku, kupitia dalali wa mji wa pili. Tatizo lake ni kidaka kitupu, kwa sababu mgeni anayekuja kila Ijumaa ataona. Basi kila anapouza moja anazisogeza zilizobaki: anaanza kwa kuacha kidaka kimoja wazi kila baada ya vitano, kwa mpangilio, kana kwamba ni mtindo, kisha kila baada ya vitatu, kisha kimoja ndani, kimoja wazi. Wageni wanausifu mpangilio. Mke wa liwali anauiga nyumbani kwake. Kitu ambacho Mwana Zamu hakiwezi ni kuhamisha alama: nyuma ya kila sahani iliyokaa miaka themanini, chokaa imebaki nyeupe kwa umbo la duara, na kandokando imepata rangi ya moshi wa taa. Anamwita Feruzi apake upya ukuta mzima, wanafanya hesabu ya chokaa na mafundi, na inazidi bei ya sahani mbili. Duara zinabaki.

Siku ya kumposea Makame, Bwana Sumari anakuja na zawadi imefungwa kwenye kanga mbili. Nimemwandika akiwa na nia njema, na nilipambana na kalamu yangu ili abaki hivyo. Anajua ukoo unataka kuonekana. Yeye mwenyewe anataka posa ifanikiwe, kwa kuwa mali itakayokuja kutoka ukoo wa bibi harusi ndiyo matumaini yake ya kulipwa.

"Nashika miguu, Mwana."

"Marahaba, Bwana Sumari. Karibu."

Anafungua kanga. Ni sahani ya kauri, ya buluu, na ukingoni ina ufa mwembamba kama unywele, ufa ambao Mwana Zamu anaujua kwa sababu yeye ndiye aliyeidondosha alipokuwa bibi harusi wa siku saba, na mkwewe akasema haidhuru. Sumari ameinunua kwa dalali wa mji wa pili bila kujua ilikotoka. Au anajua; nimeandika kwa namna zote mbili na nimeamua kutomwingia moyoni.

Ukumbi mzima unangoja aiweke kidakani. Hapo ndipo nilipokwama miezi mitatu. Kidaka chake cha asili, chenye duara yake, sasa kimekaa sahani nyingine kwa ajili ya ule mpangilio. Akiiweka katika kidaka kilicho wazi, mtindo anaosifiwa nao mji mzima unavunjika na macho yote yataanza kuhesabu. Nilijaribu aangushe. Nilijaribu alie. Nilijaribu aseme maneno marefu ya shukrani, na yalikuwa mazuri, na yalikuwa ya uongo.

Katika rasimu ya leo anaitazama kwa muda, anapitisha kidole juu ya ufa, kisha anamwita mtumishi na kumwagiza aioshe na kuitia halua. Sahani ambayo kwa vizazi vinne haikuwahi kuguswa na chakula inazungushwa ukumbini kwa wageni, na Mwana Zamu mwenyewe anaipeleka kwanza mbele ya Bwana Sumari, anasimama hapo, na kumngojea achukue.

Kesho narudi sura ya kumi na sita. Feruzi anatakiwa kuandika thamani ya sahani ile upande gani wa daftari, na mhasibu wangu ameahidi kuja saa kumi.